Mwezi Niliomfundisha Mume Wangu Pick Up

Mimi ni Mhaya na ni mwalimu wa Kiingereza. Ukiwa Mhaya, nchi hii watu wanasema unajisikia. Ukiwa mwalimu wa Kiingereza wanasema hivyo hivyo. Mimi nina vyote viwili, na bado naishi Mkuyuni, hapa Mwanza, katikati ya Wasukuma, na nimeolewa na mmoja wao. Tangu tuoane mume wangu ananiita Nshomile, yaani mtu aliyesoma, na analitamka polepole, kwa sauti ya heshima kabisa, ili nisijue kama ananisifu au ananisema.

Kukataa siwezi. Nasahihisha watu. Nasahihisha vibao vya saluni, nasahihisha matangazo ya kanisani, na siku moja nilimsahihisha daktari wa meno nikiwa nimeachama, pamba mdomoni. Hiyo ya daktari mume wangu anamsimulia kila mgeni, na kila mwaka anaiongeza chumvi. Siku hizi imefika mahali daktari ananiomba msamaha na kunirudishia jino.

Yeye mwenyewe alikuwa mpanga magari kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, kule ambako barabara ya Geita ilikuwa inakatwa na ziwa. Miaka kumi na tisa, ukiacha mmoja walipomwazima kwenye kivuko cha Nansio, kisiwani, kazi yake ilikuwa kusimama juu ya pantoni na filimbi mdomoni, anaonyesha kila gari likae wapi. Lori la mawe hapa, basi pale, magari madogo yajaze nafasi zilizobaki. Ukikosea uzito, chombo kinainama upande mmoja na abiria wanaanza kusali. Injini zinanguruma, honi zinalia, hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo alikuwa anasema kwa mikono. Mkono ukipanda, njoo. Ngumi ikifungwa, simama hapo hapo. Hata nyumbani alikuwa ananiongoza hivyo hivyo. Tukihamisha kabati, mimi na jirani tunabeba, yeye anasimama mlangoni anapunga mikono, na kabati halijawahi kugusa ukuta.

Kisha daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi likakamilika. Siku za mwanzo tulikwenda kulivuka kama watu wote, tumepanda basi la Geita bila kuwa na shida yoyote Geita. Zamani ungengoja pantoni hadi umalize sahani ya samaki na soda mbili. Safari hii, kabla sijapata vizuri mkao kwenye kiti, tulikuwa Busisi. Watu ndani ya basi walikuwa wanapiga picha. Mume wangu aliangalia maji chini akasema, "Zuri kweli." Baadaye akasema, "Hapo ndipo nilipokuwa nasimama." Nikamshika mkono, na sisi si watu wa kushikana mikono ndani ya mabasi.

Wafanyakazi wa kivuko hawakuachwa hivi hivi. Kila mmoja alipewa kituo kingine. Wenzake wengine walipata vya hapa hapa ziwani. Yeye akapangiwa kivuko kimoja cha mtoni huko kusini, safari ya siku mbili kwa basi, na akatakiwa kuripoti mwisho wa mwezi unaofuata.

Niseme wazi, kwa sababu wakati ule sikusema: sikutaka aende. Ule mwaka wa Nansio ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Alikuwa anakuja Mwanza mara mbili kwa mwezi kwa meli, na mimi mwaka mzima nilikula mkate nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulinitia uchungu. Sasa nina miaka arobaini na sita, watoto wetu wawili wako shule za bweni, na sikuwa na hamu ya kurudi kwenye ule mkate. Lakini badala ya kumwambia hivyo, nilimweleza habari za likizo za watoto, na homa za kule, na kwamba nyumba itaharibika bila mwanamume. Yeye akanisikiliza hadi mwisho, akajibu, "Tutaona." Msukuma akisema tutaona, tafuta kiti ukae.

Wiki ile ile mwalimu mwenzangu alinitumia tangazo kwenye simu. Kampuni moja inayofuga sato kwenye vizimba, nje kidogo ya mji, ilikuwa inatafuta msimamizi wa boti. Vizimba ni nyavu kubwa zilizofungwa kwenye maboya, samaki wanakulia humo humo ziwani, na boti zinakwenda na kurudi kutwa nzima kupeleka watu na chakula cha samaki. Wenye kampuni ni wageni, kwa hiyo tangazo lilikuwa la Kiingereza, na usaili nao ungekuwa wa Kiingereza. Kutoka nyumbani kwetu ni nusu saa. Nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye korido ya shule, na kengele ya kipindi ikalia bila mimi kuisikia.

Jioni nilimpa simu asome mwenyewe. Kiingereza alikisoma shuleni kama sisi sote, lakini miaka mingi ya filimbi ilikuwa imekifunika. Alikuwa anatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa anavyoletewa na mama yake kutoka Misungwi. Akasoma, akaacha kutafuna.

"Mama," akaniambia, "hii kazi ina neno moja tu."

Nikaangalia. Alikuwa sahihi. Majukumu yalikuwa matano, na matatu yalianza na pick up. Pick up wafanyakazi gatini saa kumi na mbili asubuhi. Pick up samaki waliokufa wanaoelea kizimbani. Pick up simu ya upepo muda wote boti ikiwa majini.

"Sasa wafanyakazi na samaki waliokufa," akauliza, "wanapakiwa pamoja?"

Nikacheka, nikakaa chini, nikasema haya, tuanze hapo.

Pick up ni kitenzi chenye uroho. Kiswahili kimegawa kazi vizuri: kilicho chini unakiokota, mtu unampitia, simu unapokea, ugonjwa unaambukizwa, taka unazoa, boti inashika kasi, biashara inachangamka, mgonjwa anapata nafuu. Kila kazi ina mwenyewe. Mwingereza zote hizo amemtupia mfanyakazi mmoja, tena hampi hata chai ya saa nne. Na cha kuchekesha, sisi tulipokwenda kwake kuazima, kati ya maana zote hizo tulichukua gari tu. Pikapu. Tukalipakia maboga tukaondoka.

Nilipomweleza hilo la pikapu mume wangu alifikiri kidogo. "Tulichukua la maana," akasema.

Tulikuwa tunasoma kila siku saa kumi na moja jioni, kibarazani, baada ya chai. Nilimnunulia daftari la mistari. Mimi sina ufundishaji wa aina mbili; nilimfundisha kama ninavyofundisha kidato cha pili, hadi kusimama wakati wa kujibu. Alikuwa anasimama. Anafunga vifungo vya shati, anaweka mikono nyuma, anasema, "Yes, madam," na jirani yetu anayeanika dagaa uani kwake anaacha dagaa zake anakuja ukutani kusikiliza. Kuna siku nilimkuta jirani mwenyewe anamwambia mumewe asubiri, darasa halijaisha.

Kukariri maana moja moja kulimshinda. Wiki ya kwanza ilikwisha, tuna tatu tu, na hizo tatu ni zile za kwenye tangazo. Nikapandisha sauti. Akaniangalia vile anavyowaangalia madereva wa malori, bila hasira, akaweka daftari chini. Kesho yake akaja na mtindo wake. Kila maana alikuwa ameipa ishara ya mkono, kama kwenye pantoni. Kuokota, kiganja kinakwangua sakafu. Kumpitia mtu, dole gumba linaelekezwa nyuma ya bega. Kuambukizwa, anajishika koo. Kushika kasi, kiganja kinateleza mbele. Kujifunza kitu kwa kukisikiasikia tu bila mwalimu, hapo anavuta kitu hewani na kukiweka sikioni, na kila akiifanya hiyo ananitazama mimi mwalimu kwa namna ambayo sikuipenda.

Wiki mbili baadaye alikuwa nazo kumi na moja, na hakuna iliyompotea. Tukawa tunatembea nazo. Sokoni Mkuyuni mwanamke mmoja alipiga chafya juu ya fungu la nyanya, na mume wangu, aliyekuwa upande wa pili kwenye vitunguu, akajishika koo akanitazama. Nilicheka hadi muuza nyanya akaniuliza kama naumwa. Kanisani mhubiri mgeni alipoanza taratibu kisha akakolea, niliona kiganja cha mume wangu kinateleza mbele juu ya goti. Ikabidi niiname nijifanye nasali.

Maana moja nilimficha, ile ya mwanamume kumtongoza mwanamke asiyemjua akaondoka naye. Aliikuta mwenyewe ndani ya kamusi yangu.

"Na hii?"

"Hiyo haiko kwenye usaili."

"Lakini mimi wewe nilikupick up wapi?"

"Hukunipick up. Ulileta posa kwa baba yangu, Bukoba, na watu wanne."

"Kabla ya posa."

Kabla ya posa nilikuwa abiria. Nilikuwa mwalimu mpya, naripoti kituo cha kazi Sengerema, nina sanduku kubwa kuliko mimi. Yeye alisimamisha lori zima la saruji kwenye mlango wa pantoni, dereva anatukana, ili mimi nipite kwanza. Hadi leo anadai ilikuwa taratibu ya usalama. Nimewahi kuwauliza wenzake kuhusu hiyo taratibu, na hakuna anayeijua.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nchi hii barua ya maombi ya kazi ina Kiingereza chake, ambacho hakitumiki mahali pengine popote duniani. Mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi moja ya lugha hiyo anaandika kwamba ana shauku isiyo kifani na ananyenyekea mbele ya meza yako tukufu. Huyo mtu hajaandika yeye. Ameandikiwa. Na hapa mtaani kwetu wanaoandikiwa wengi nimewaandikia mimi. Kuna walinzi, wapishi na makarani ambao walipata kazi zao kwa sentensi zangu, na nikipita wananiamkia shikamoo mwalimu hata wale niliowazidi miaka miwili. Siwezi kudanganya kwamba siipendi hiyo shikamoo.

Basi Jumamosi moja nikakaa mezani na kalamu, na mume wangu akakaa pembeni ananipa maelezo.

Alisema, andika nimepanga magari miaka kumi na tisa na sijaangusha hata moja majini. Mimi nikaandika kwamba kwa takriban miongo miwili amesimamia usalama wa rasilimali na kuratibu wadau mbalimbali katika mazingira yenye changamoto. Alisema, andika najua kamba. Nikaandika kwamba ana umahiri wa mifumo ya kiufundi ya majini. Alisema, andika najifunza upesi. Hapo nikatabasamu. Nikaandika kwamba ana uwezo wa ku-pick up ujuzi wowote mpya with alacrity.

"Alacrity ni nini?" akauliza.

"Ni upesi, lakini kwa moyo mkunjufu."

"Kwa nini usiandike upesi?"

"Baba, nani anaajiri mtu wa upesi?"

Niliichapa, nikamsomea yote kwa sauti yangu ya mahafali. Akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. "Huyu jamaa ni mkubwa," akasema, akaweka sahihi.

Baada ya wiki moja ukaja ujumbe kwenye simu yake. Walikuwa wameisoma barua na wameona sifa zake zinamfaa zaidi kwa nafasi ya afisa wa mawasiliano, kwa hiyo wanamwita kwenye usaili wa nafasi hiyo. Nilipiga kigelegele jikoni.

"Mimi niliomba boti," akasema.

"Wamekupandisha kabla hujaanza. Unajua hiyo ni kazi ya barua ya nani?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alinyanyua mkono wa kulia, akafunga ngumi, akauacha hewani hivyo. Nilimwona. Ishara ile naijua, malori ya tani thelathini yanaijua. Nikageuka nikakoroga mboga, nikaendelea kuongea habari za tai gani avae.

Siku ya usaili alivaa shati jeupe, nilinyoosha mwenyewe hadi kola ikasimama. Mimi shuleni sikufundisha chochote cha maana siku hiyo. Niliwapa wanafunzi insha, nikaangalia dirisha. Saa nane nikaomba ruhusa kwamba kichwa kinauma, jambo lililokuwa kweli nilipofika nyumbani. Alirudi saa tisa alasiri. Alitaka ugali kwanza. Nikampa ugali na sato, nikakaa mbele yake nikamtazama anavyochambua miba moja moja, na nusura nimalizie hiyo kazi mimi.

Akaosha mikono, ndipo akaanza. Walikuwa watatu mezani: mama mmoja wa kizungu ambaye ndiye mwenye kampuni, afisa mmoja wa Kitanzania wa mambo ya ajira aliyekuwa na kompyuta, na mwingine ambaye hakusema neno. Barua yangu ilikuwa mbele yao. Yule afisa akaisoma sentensi ya alacrity, akamwomba atoe mfano wa siku aliyofanya kazi kwa hiyo alacrity.

"Ukasemaje?"

"Nikasema, hilo neno ni la mke wangu."

Wakacheka, akasema, na kucheka kwao hakukuwa kubaya. Wakamuuliza, hizi rasilimali ulizosimamia ni zipi? Akajibu, malori. Na wadau? Akajibu, abiria, na mbuzi, siku za mnada. Wakamuuliza ripoti huwa anaiandika kwa programu gani ya kompyuta. Akawaambia kompyuta hajui, anajua boti, na boti ndiyo aliyoiomba. Hapo yule mama akamwangalia afisa wake, afisa akafungua karatasi zake, akamwambia kwa upole kwamba usaili wa boti ulifanyika jana. Msimamizi wameshampata.

Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Pick up walikuuliza?"

"Hapana. Wala moja."

Kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, kile kicheko chake cha mabegani. "Wakati naaga, yule mama akasema kama aliyeandika barua hii anatafuta kazi ya ofisini, aje waongee naye. Umepata kazi, Nshomile."

Mimi nililia. Nililia palepale mezani, miba ya samaki mbele yangu, mwanamke mzima. Akadhani ni furaha, akaanza kunipongeza, nikalia zaidi. Ndipo nikamwambia yale ambayo ningeyasema mwezi mmoja nyuma yangetosha: kwamba sitaki aende, kwamba ule mwaka wa Nansio sitaki kuuona tena, kwamba nimeandika barua kwa ajili ya sifa zangu na sasa imemtoa kwenye orodha ya boti na kumpakia kwenye basi la kusini. Nilisema yote kwa mpigo, Kiswahili na Kihaya vimechanganyika.

Alisubiri nikapumua. "Yule uliyemwandika ni mtu mzuri sana, mama," akasema. "Hata mimi ningemwajiri. Ila si mimi."

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ningependa anigombeze. Ningejua la kujibu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Tulinunua begi. Nilipiga pasi mashati ambayo kule kusini hayangekaa na pasi hata siku moja. Kibarazani hatukukaa tena saa kumi na moja. Jirani aliuliza darasa limeishia wapi, nikamwambia tumefunga muhula. Ile kazi ya ofisini niliyoitiwa sikwenda kuiongelea. Jumapili nilikwenda mazoezi ya kwaya, niliporudi nikamkuta mezani ana kalamu, na daftari limefungwa mbele yake. Nikauliza anaandika nini. Akasema anaandika orodha ya vitu vya safari.

Alhamisi aliondoka asubuhi akisema anakwenda Kigongo kuwaaga watu. Alirudi jioni na sato wawili wakubwa kwenye mfuko, akauweka mfuko kwenye sinki.

"Naanza Jumatatu," akasema.

"Kusini si wiki ijayo?"

"Siendi kusini. Nimechukuliwa kwenye vizimba. Si msimamizi. Mtu wa kamba, nafunga boti na kuzifungua. Miezi mitatu ya majaribio, halafu wataona."

Nikamkumbatia na mfuko wake wa samaki. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamwachia nikauliza imekuwaje. Akasema amewapelekea barua.

"Barua gani?"

"Niliyoandika."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiingereza."

"Nani kaikagua?"

"Hakuna aliyeikagua."

Furaha nilikuwa nayo, Mungu anajua, lakini chini ya furaha kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anaona karatasi yenye jina la familia yetu imelala kwenye ofisi ya wageni haijaguswa na kalamu nyekundu. Nikamwomba nakala. Hana. Nikamwomba anisimulie yaliyomo. Akasema ameeleza tu shida yake. Nikambana wiki nzima, kwa ukali, kwa upole, kwa senene wa kukaanga niliotumiwa kutoka Bukoba. Senene alikula, na barua hakusema.

Miezi mitatu ikapita, wakamthibitisha. Wakaniita ofisini kwao niweke sahihi kwenye fomu za bima ya afya, mimi kama mke. Nilivaa vizuri. Aliyenipokea ni yule yule afisa wa ajira. Alifungua faili la mume wangu mezani, akachomoa fomu, akachukua kitambulisho changu akaenda chumba cha pili kukitoa kopi. Faili likabaki wazi.

Barua yangu ilikuwa chini, imechapwa, imenyooka, kona moja imebanwa. Juu yake kulikuwa na karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne na kukunjuliwa. Ilikuwa ya Kiingereza, Kiingereza chake, na nikiigeuza Kiswahili inasema hivi:

"Barua ya kwanza aliandika mke wangu. Mimi ndiye huyu. Nimepanga magari kwenye pantoni miaka kumi na tisa na hakuna lililoanguka majini. Najua kamba, najua upepo wa asubuhi na upepo wa mchana. Kompyuta sijui. Nikikosa kazi hapa nitakwenda mbali sana. Mke wangu ni mwalimu, kila siku ananisahihisha na kunicheka. Nilikwenda mbali zamani mwaka mmoja, na nikirudi nilikuwa namkuta hasemi. Sitaki anyamaze tena. Naomba kazi yoyote ya kwenye boti."

Niliisoma mara mbili. Makosa nilihesabu, siwezi kujizuia, yalikuwa tisa. Afisa aliporudi na kopi yangu, nilikuwa nimelifunga faili na ninatazama dirishani, kule boti zilikofungwa. Akauliza kama niko sawa, nikamwomba maji ya kunywa. Mume wangu mpaka leo hajui kama niliisoma.